Ngano Iliyoota Uani

Ngano ikitwangwa kwenye kinu hutoa harufu ya vumbi, vumbi la gunia lililolala ghalani muda mrefu, na ndani ya vumbi hilo kuna utamu kidogo unaokaa nyuma ya ulimi. Nikiipata harufu hiyo leo, hata kwa mbali, mabega yananiuma yenyewe. Sitanii. Niliwahi kupita mbele ya duka moja mjini linalouza ile mikate ya rangi ya udongo, ambayo siku hizi watu wanaigombania kwa ajili ya afya zao, nikajikuta nimesimama najisugua bega kama mtu aliyetua mzigo. Mwanangu akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nimechoka tu. "Umechokea wapi, na leo hujashika hata ufagio?" Nikamwacha. Uchovu wenyewe ni wa zamani, na kuueleza kunataka mtu akae chini atulie, na yeye ana haraka zake.

Tulikuwa tunakaa Magomeni, Mtwara, miaka ile ya ujamaa, kwenye nyumba ya kupanga yenye ua wa makuti na jiko la nje. Baba alikuwa karani bandarini. Kwao ni nyanda za juu, upande wa Njombe, kwenye baridi na ukungu, ambako watu wanalima ngano na njegere na wanalala na blanketi mbili. Mama alikuwa wa huku huku kusini, Mmakonde wa Newala, mwalimu wa darasa la kwanza, na darasa lenyewe lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati. Mimi, Leonia, ndiye niliyekuwa mkubwa, nikifuatiwa na wadogo zangu wawili ambao kazi yao ilikuwa kuchafua nguo nilizofua. Msimu ninaousimulia ni ule wa mabibo, joto linapopanda kabla ya mvua za kwanza. Mabibo yameanguka chini ya mikorosho mpaka yanachacha, nzi wametawala, na ukitembea kuelekea Likombe unakanyaga utelezi wa matunda na harufu yake inakufuata mpaka kitandani. Madukani hakukuwa na kitu. Unga wa ngano tulikuwa tumeshausahau, na sabuni ikija watu wanapanga foleni kabla hawajajua kama ni sabuni kweli.

Ndipo baba akaenda likizo kwao, akarudi na mama yake. Walikuja na lori la mizigo kwa njia ya Songea na Tunduru, barabara ambayo sitaki hata kuieleza, na waliposhuka pale stendi Bibi alikuwa mwekundu wa vumbi kuanzia nyusi mpaka vidole vya miguu. Amejifunga blanketi nzito kifuani, katika joto lile! Mkono mmoja ameshika fimbo, na mwingine ameukandamiza juu ya gunia la ngano, hamwachii mtu alibebe mpaka baba aliposema naye kwa lugha yao kwa sauti ya kubembeleza. Kule kwao watu walikuwa wametakiwa kuhamia kijiji kipya kando ya barabara. Bibi alikuwa amekataa, kisha akahamishwa, nyumba ikabomolewa, na kaburi la babu na mianzi aliyoipanda mwenyewe vikabaki huko bondeni. Tangu siku hiyo alikaa kwa ndugu bila kusema neno, ndiyo maana baba akaamua kumchukua. Gunia lile lilikuwa mavuno yake ya mwisho ya shamba la zamani. Alikuwa ameyavuna mwenyewe, mzee yule, na macho yake yenye mtoto wa jicho, kwa kupapasa.

Wakati wanaagana kule kwao, shangazi zangu, dada zake baba, walimwambia baba maneno: "Mpeleke. Lakini mama akitufia kwa njaa huko pwani, sisi tutakuja, na tutakayemuuliza ni huyo mkeo." Na baba, sijui alikuwa anafikiri nini, alipofika nyumbani akamweleza mama vile vile, neno kwa neno, huku anavua viatu. Mama alikuwa anachambua kisamvu, akaendelea kuchambua. Lakini mimi nilimwona mikono yake inavyokwenda mbio, na kuanzia jioni ile nikajua kwamba nyumbani kwetu kulikuwa na jambo moja tu: Bibi ale.

Bibi hakula. Mama alimpikia wali wa nazi, tena mchele wenyewe aliuhangaikia, Bibi akaonja punje mbili akasema kwa kilugha kwamba ameshiba. Samaki alimgeuzia uso kabisa, harufu tu ilimtosha. Siku ya bada, yaani ugali wetu wa muhogo, alibonyeza tonge kwa kidole, likarudi, akalibonyeza tena, kisha akanawa mikono. Hakuwa na ukorofi, nataka hilo lieleweke. Alikuwa anashukuru kila mara, anainamisha kichwa, anasogeza sahani polepole kwa mkono wa kulia. Ameshiba, ameshiba. Kila wiki ile blanketi ilizidi kumzunguka. Alikuwa anakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma kuanzia asubuhi, ameelekeza uso kwenye ukuta wa makuti kana kwamba kuna mtu atakayetokea huko. Jirani mmoja aliyekuja kumsalimia alitoka anatikisa kichwa, akamwambia mama pale pale uani, bila hata kushusha sauti, "Mama Leonia, huyu mzee anakwisha." Yaani watu wana midomo!

Baba akamuuliza mama yake ni kitu gani anakitamani. Akajibiwa: mkate. Mkate wa ngano yake, na pumba zake zote, kama anavyoupika kwake. Basi ikawa furaha, tukafikiri tumepata dawa. Lakini kule kwao ngano inasagwa kwenye jiwe, jiwe la chini na jiwe la mkononi, na Mtwara ni mchanga mtupu, jiwe la kusagia ungelitoa wapi? Mashine ya kusaga ya mtaa wa Chuno ilikuwa imekaa bila dizeli. Kilichobaki ni kinu. Mama alijua kutwanga, Mmakonde gani asiyejua kutwanga, ila alikuwa hajawahi kutwanga ngano kavu. Ukiipiga mchi inaruka. Inakurukia machoni, inatawanyika mchangani, kuku wanakuja mbio. Inayobaki ndani inapasuka vipande viwili na kukaa hivyo hivyo, ngumu, inakutazama. Tulikuwa tunatwanga kwa kupokezana, mchi wake na mchi wangu, mama ametoka shuleni koo limekauka kwa kuwapigia kelele watoto wa watu, mimi nimetoka shuleni hali kadhalika. Tunatwanga, tunachekecha, chenga zinarudi kinuni, tunatwanga tena. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Jua likishuka tumepata unga wa kujaza bakuli.

Hamira nayo haikuwepo. Baba alipita kwa mgema akitoka kazini, akaleta tembo la mnazi kwenye chupa, na mama akaukanda unga kwa tembo hilo na chumvi kidogo, akaufunika kwa kanga uumuke. Kisha akauweka kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, akafunika kwa bati, akapalia makaa juu na chini. Mkate ukatoka. Lo! Mkate ule ungeweza kumpiga mtu nao akalazwa hospitali. Chenga zilikuwa hazijalainika, zinasagika menoni kama changarawe. Sisi watoto tulikula, watoto wa wakati ule hatukuwa na la kuchagua. Bibi alikichovya kipande chake kwenye chai, akakiacha kikae, akakitia mdomoni, akakizungushazungusha kwenye fizi, kisha akakitoa polepole na kukiweka kwenye ukingo wa sahani. Akasema neno kwa mwanawe. Baba hakutaka kulitafsiri. Mama akamkazia macho mpaka akasema: "Anasema ngano yake imekufa." Tulipika tena na tena namna ile, na kila mara ilikuwa hivyo. Gunia linapungua, Bibi anapungua, na mama naye anapungua vilevile, ingawa yeye hakuna aliyekuwa anamtazama.

Mama alikuwa na rafiki yake mmoja, Bi. Somoe, mwenye mikorosho na mihogo Likombe. Alikuwa anakuja Magomeni kuuza muhogo mkavu, na akishamaliza anapitia kwetu kunywa maji na kutoa taarifa za mji mzima. Siku hiyo alitukuta kinuni. Akasimama, ungo kichwani, akatutazama kwa muda, kisha akashusha pumzi ndefu.

"Mama Leonia, wewe mwalimu mzima, unapigana na nafaka kavu? Mahindi unayatwanga hivyo?"

"Hii si mahindi, Bi. Somoe. Hii ngano."

"Nafaka ni nafaka. Iloweke ilainike, ianike, itwange. Utaniita nije nione unga mweupe pe! Shoga yangu unajiua bure."

Na kwa kweli ilionekana maneno ya akili. Ndivyo tunavyofanya kwa mahindi kusini kote: unakoboa, unaloweka siku kadhaa mpaka yalainike, unaanika, unatwanga, na unga unatoka laini kabisa. Mama alichukua karibu ngano yote iliyobaki, akaacha kidogo tu chini ya gunia, akailoweka kwenye pipa. Nusu ya uchovu wake nadhani ilikuwa imeshamtoka kwa matumaini tu, maana jioni ile alinisuka nywele, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu Bibi aje. Baada ya hapo akamwaga maji, akaijaza kwenye tenga kubwa ichuruzike, akalifunika kwa gunia lenye unyevu kuizuia na kuku, akakusudia kuianika kesho yake. Kesho yake ikatoka amri walimu wote waende kwenye shamba la pamoja, kupalilia, na siku iliyofuata pia. Mimi nilibaki na wadogo zangu na Bibi, na hakuna aliyeniambia nifunue tenga. Joto la Mtwara mnalijua.

Mama alipofunua lile gunia, aliganda. Nilisogea nikachungulia. Ngano yote ilikuwa imeota. Kila punje ilikuwa imetoa mizizi myeupe, myembamba, imeshikana na ya punje nyingine, na ukitia mkono ndani ni moto, na harufu yake ni tamu ya kukera. Mama aliinua fungu moja likaja zima, limefungamana kama mkeka. Akalirudisha taratibu. Akakaa chini mchangani na nguo zake za shamba, miguu ameinyoosha mbele, akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona mama akilia, na sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikamshika bega, akaniambia, "Niache kidogo, mwanangu. Niache tu kidogo." Bi. Somoe alipokuja akaona, akajipiga kofi la mdomo kwa nguvu mpaka nikashtuka. "Mdomo huu! Mdomo huu siku moja utanipeleka pabaya!" Lakini si mwanamke wa kukaa akiomboleza. Akasema hakuna kitu kinachotupwa nyumba hii, ianikwe hivyo hivyo, mzee haoni vizuri, hatajua. Tukatandika jamvi uani, tukaimwaga, tukaisambaza. Tulikuwa tunafanya kazi kimyakimya, tukikwepa kugonganisha vyombo, huku tukimwangalia Bibi pale kizingitini.

Tulisahau kwamba mtu asiyeona vizuri ana pua. Jua lilipoipata ile ngano, harufu ikaenea ua mzima. Bibi akageuza kichwa kutoka kwenye ukuta wake. Akanusa. Akashika fimbo, akasimama, yeye ambaye kwa wiki nyingi alikuwa anainuliwa na baba, akaja mpaka ukingoni mwa jamvi, akainama. Akaokota konzi moja, akaipapasa kwa kidole gumba, akatafuna punje. Kisha akauliza, kwa Kiswahili, Kiswahili kizuri kuliko changu:

"Msiba wa nani?"

Tulitazamana. Sisi tulikuwa tunajua Bibi hajui Kiswahili. Kumbe ujanani alikaa Tanga na babu kwenye mashamba ya mkonge, miaka mingi, na kukaa kimya ilikuwa hiari yake. Bi. Somoe akajikakamua. "Hakuna msiba, mama. Ni ngano tu hii."

"Hiki ni kimea," Bibi akasema. "Kwetu nafaka ikioteshwa kwa wingi hivi, na harusi hakuna, ni pombe ya kumaliza matanga. Mtu ameshazikwa ndipo inaoteshwa." Akautafuta uso wa mama kwa yale macho yake ya ukungu. "Mimi bado sijafa. Au mnaona nachelewa?"

Hapo ndipo mama alipopasuka. Nasema kupasuka kwa sababu sina neno jingine. Mwanamke ambaye tangu aolewe alikuwa anamwamkia mkwewe kwa magoti, aliyekuwa anamwandalia na kumwondolea sahani iliyojaa bila kunung'unika, alisimama katikati ya ua na mikono imejaa mizizi ya ngano, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani:

"Mama, mimi nimechoka! Nimechoka, unanisikia? Sikuotesha kimea mimi, sikijui hata hicho kimea. Nimeloweka ngano kwa sababu mahindi ndivyo tunavyofanya, basi, ndiyo akili yangu ilipoishia. Mikono yangu hii, mtazame na mtoto, mikono yake. Tunatwanga kila siku ya Mungu. Hupendi wali, hupendi samaki, hupendi bada, sawa, hulazimishwi. Lakini ukifa wataniuliza mimi. Nitawaambia nini? Sitaki ufe, mama. Nataka ule. Nataka ule tu!"

Kuku walikuwa wananyemelea jamvi na hakuna aliyewafukuza. Bi. Somoe alikuwa ametazama pembeni, amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Mimi nilijua sasa tumekwisha, baba akirudi kutatokea jambo kubwa. Bibi aliendelea kutafuna ile punje moja ambayo nadhani ilikuwa imeshakwisha. Kisha akaiweka fimbo chini, akajishusha, goti moja, goti la pili, akakaa kwenye jamvi. Akaokota ngano kwa viganja viwili akaanza kuisugua, kiganja kwa kiganja, mizizi ikawa inadondoka kama nyuzi.

"Mizizi ikibaki, mkate utakuwa mchungu," akasema. "Kaeni. Msisimame kama watu wa baraza."

Tukakaa. Tukasugua ngano sote wanne mpaka jua likahama. Bibi akatuambia tuipepete mizizi itoke, na kwamba kimea peke yake hakisimami, lazima tuchanganye na ile ngano kavu iliyobaki chini ya gunia. Ilipokauka vizuri tukaitwanga, na jamani, ilikuwa inapondeka yenyewe! Mchi ukigusa tu, unga. Nilitaka kucheka na kulia. Bibi alikaa karibu na kinu akipokea unga kwa vidole, anausikiliza kwa vidole, anarudisha, "Bado." Baba alipoleta tembo akakuta mama yake anamsubiri mlangoni. Bibi aliichukua ile chupa, akaonja kuona kama limechacha vya kutosha, akafikiri kidogo, akaonja tena kuhakikisha. Akaona bado hana uhakika. Bi. Somoe, Mwislamu wa watu, akageuzia uso kwenye makuti akasema, "Mimi hilo sijaliona," na mama akacheka, sauti kavu, ya mtu aliyekuwa amesahau kucheka kunaanzia wapi.

Sitaki kuwadanganya kwamba mkate ulikuwa mzuri. Uliumuka, ukapendeza, kisha ulipotolewa kwenye makaa ukabonyea katikati. Ndani ulikuwa unanata, kisu kinaingia safi kinatoka kimepakwa, na utamu wake ulikuwa wa ajabu, utamu wa kimea, ambao sukari yenyewe hatukuwa nayo kuufananisha. Rangi ilikuwa nyeusi kuliko ngozi yangu. Mama akakata kipande cha pembeni, kilichokauka kidogo, akampelekea Bibi kwa mikono miwili, akapiga magoti kama kawaida yake. Sisi wengine tuliacha kupumua. Bibi akatafuna. Akatafuna. Akameza.

"Mbaya," akasema. Kisha akaisogeza sahani mbele. "Niongeze."

Akala kipande cha pili, akala na cha tatu, na makombo yaliyoangukia kwenye blanketi akayaokota moja moja. Baba alikuwa amesimama mlangoni na chai yake mkononi, imepoa, haoni hata anachokishika. Nilipomtafuta mama nimpe habari kwamba sahani imekwisha, nilimkuta jikoni, amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mgongo ameuegemeza ukutani, unga umemganda mpaka viwikoni, amelala fofofo. Na mkate kwenye sufuria hakuwa ameuonja. Sikumwamsha.

Tuliendelea hivyo, ngano ile ya kimea ikachanganywa mkate kwa mkate mpaka gunia likakung'utwa. Kazi haikuwa nyepesi, asije mtu akafikiri kwamba baada ya pale tuliishi kwa raha. Bibi alikuwa mwalimu mkali kuliko mama. Mkate wa pili aliuita mbaya, wa tatu mbaya, na siku moja akasema "si mbaya sana," mama akazunguka nyuma ya jiko ajifute macho. Nilichokuwa nakiogopa mimi ni siku ya mwisho ya gunia. Siku hiyo ikafika, mama akasonga bada, akachemsha mbaazi kwa nazi, akaweka mbele ya Bibi, akarudi nyuma hatua chache. Hakubembeleza. Bibi akalibonyeza tonge, likarudi. Akaguna. Akalitia mdomoni. Hakuwahi kusema amelipenda, na sidhani kama aliwahi kulipenda, lakini tangu hapo akawa anakula kinachopikwa, na jioni alikuwa anamwita mama kwa jina lake la nyumbani, jina ambalo hata baba hakuwa analitumia mbele za watu.

Alikaa nasi misimu mingine ya mabibo, akafa kwa homa, akazikwa Mtwara kwenye mchanga ambao alikuwa anaulalamikia kila siku. Shangazi zangu walifika matanga yamekwisha kuondolewa, kwa sababu ya barabara ile ile. Walikaa kwenye jamvi na blanketi zao, wakalia, wakanyamaza, kisha yule mkubwa akajisafisha koo akamgeukia mama kama alivyoahidi. "Tuambie, mke wa kaka. Mama alikuwa anakula?" Baba alifungua mdomo, mama akamgusa mkono. Akawajibu mwenyewe, bila haraka. Akawaambia asubuhi alikula nini na mchana nini, anachokipenda kimepikwa vipi, anachokikataa ni kipi, samaki gani alianza kumzoea mwishoni na mifupa yake nani alikuwa anaitoa. Akawaambia siku ya mwisho alikunywa uji wa ulezi, vijiko vichache, na kijiko cha mwisho alikisukuma kwa ulimi. Alisema yote, mpaka yule shangazi mkubwa akaanza kulia upya, kilio cha namna nyingine, akamvuta mama akamlaza kichwa begani kwake.

Mama sasa ni mzee kuliko Bibi alivyokuwa wakati ule. Anakaa kwangu, mjini, kwenye nyumba yenye jiko la gesi. Mkate wa ngano nzima unanunuliwa umeshakatwa vipande, hakuna wa kutwanga wala wa kupalia makaa, na mimi natoka asubuhi kabla hajaamka na kurudi jioni ameshalala. Nimechoka nami, sijui kwa nini, maana kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti. Juzi nilimpeleka hospitali, pamoja na binti wa kazi anayeshinda naye, kwa sababu nguo za mama zimeanza kumpwaya. Daktari, kijana mpole, akachukua kalamu akaniuliza, "Mama anakula nini kwa siku?" Nikafungua mdomo. Kisha nikageuka kumtazama binti wa kazi.